Stanley Matthews: Kipaji ni Amana

Leo tumeona yafaa safu hii tuitoe kwa maisha ya mtu ambaye hakuwa kiongozi wa nchi, wala mwanachuoni, wala jemadari wa vita. Alikuwa mchezaji wa mpira. Jina lake ni Stanley Matthews, Mwingereza, winga wa kulia, mwana wa kinyozi, aliyefariki dunia tarehe 23 Februari, 2000 akiwa na umri wa miaka 85. Wazee waliofuatilia kandanda katika miaka ya hamsini walilijua vema jina hilo. Vijana wa leo, waliozoea kusikia mishahara ya wachezaji wa Ulaya ikitajwa kwa mamilioni, wengi wao hawajapata kulisikia.

Tumemchagua kwa sababu moja kubwa. Sisi watu wa visiwani tumelelewa tukijua tofauti baina ya mali na amana. Mali ni chako, nawe wakitumia upendavyo. Amana umewekewa, na siku itafika utaulizwa uliitunza vipi. Matthews alikiona kipaji chake kuwa ni amana, akakitunza kwa muda wa miaka 33 ya mpira wa kulipwa. Wakubwa wa mchezo huo katika zama zake walimwona yeye na wenzake kuwa ni mali. Katika mvutano wa fikra hizo mbili mna mafunzo kwa kila mchezaji, na mna mafunzo zaidi kwa kila aliyekabidhiwa uongozi wa watu wanaoishi kwa vipaji na nguvu zao.

Stanley Matthews alizaliwa tarehe 1 Februari, 1915 huko Hanley, mmoja wa miji sita iliyounganishwa kuwa Stoke-on-Trent, katikati ya Uingereza. Hapo ndipo palipokuwa makao ya viwanda vya vyombo vya udongo na kaure. Sahani, vikombe na mabirika yaliyouzwa nchi nyingi duniani yalitoka katika matanuri ya hapo, na moshi wa matanuri hayo ulitanda juu ya nyumba za wafanyakazi. Baba yake, Jack Matthews, alikuwa kinyozi kwa kazi na mwanamasumbwi kwa sifa. Alipata watoto wanne wa kiume, na Stanley alikuwa wa tatu. Kila alfajiri mzee huyo aliwaamsha wanawe wafanye mazoezi ya viungo na ya kuvuta pumzi mbele ya dirisha lililo wazi, iwe kiangazi au baridi kali.

Baba alitaka Stanley awe bondia kama yeye. Mtoto alipenda mpira. Hatimaye, Stanley alipochaguliwa kuichezea timu ya taifa ya watoto wa skuli, mzee alikubali matakwa ya mwanawe, lakini hakuilegeza nidhamu aliyomfunza. Stanley aliacha skuli akiwa na miaka 14, na alipofika miaka 15 aliajiriwa na klabu ya Stoke City kuwa mtumishi wa ofisini kwa ujira wa pauni 1 kwa juma. Siku alipotimiza miaka 17, yaani tarehe 1 Februari, 1932, alitia saini kuwa mchezaji wa kulipwa. Mwezi uliofuata alicheza mechi yake ya kwanza ya Ligi, dhidi ya Bury. Msimu wa 1932 hadi 1933 Stoke City ilishika nafasi ya kwanza katika Daraja la Pili, ikapanda. Tarehe 29 Septemba, 1934, akiwa na miaka 19, alivaa jezi ya timu ya taifa kwa mara ya kwanza huko Cardiff dhidi ya Wales, akafunga bao moja katika ushindi wa mabao 4 kwa 0.

Yafaa tueleze namna alivyocheza, kwa maana hapo ndipo ilipo siri ya sifa zake. Kazi ya winga wa zama hizo ilikuwa kukaa karibu na mstari wa pembeni, kumpita beki wa upande wake, na kuupiga mpira katikati ili washambuliaji wafunge. Matthews hakumkimbilia beki. Alimwendea taratibu, mpira ukiwa karibu na miguu yake, akamwinamia upande wa kushoto kana kwamba anaelekea ndani. Beki alipouhamisha uzito wa mwili wake kuufuata ule mwinamo, Matthews aliusukuma mpira nje kwa ubavu wa mguu wa kulia, akaondoka kama mshale. Hakuwa na haja ya kushinda mbio ndefu. Alihitaji hatua kumi za mwanzo tu, na katika hatua hizo hakuwa na mfano. Mabeki wote walijua atakachokifanya. Walikaa wakikingoja, akakifanya vivyo hivyo, nao wakaachwa. Wengine waliokosa subira walimpiga miguu. Hakulipiza. Katika maisha yake yote ya uchezaji hakuna mwamuzi aliyeliandika jina lake kwa utovu wa nidhamu.

Kipaji cha namna hiyo mtu huzaliwa nacho. Lakini methali yetu yasema ujana ni moshi, ukienda haurudi, na hatua kumi za kasi ni jambo la ujana. Matthews aliushika moshi huo kwa kazi ya kila siku. Hakunywa pombe. Hakuvuta sigara. Alikula mboga na matunda kwa wingi, na nyama kidogo sana. Siku ya Jumatatu alikaa bila kula. Msomaji wa visiwani hatashangazwa na jambo hilo, kwani funga ya Jumatatu si ngeni kwake, ijapokuwa Matthews aliifanya kwa ajili ya afya na wala si kwa ibada. Alipohamia Blackpool, mji ulio kando ya bahari, alikwenda ufukweni kila asubuhi akakimbia peke yake juu ya mchanga, mbio fupi fupi za kasi, kabla ya kwenda kufanya mazoezi na wenzake. Wachezaji wengi wa wakati huo walifanya mazoezi waliyoamrishwa, wakaridhika. Yeye alifanya yaliyoamrishwa na kuongeza yake.

Haikosi kwamba palikuwa na kasoro, nasi hatuandiki maisha ya malaika. Mtu huyo aliyejiepusha na sigara alikubali picha yake itumike katika matangazo ya sigara za Craven A. Vijana waliomwamini walioneshwa kwamba bingwa wao ana kauli njema juu ya kitu ambacho mwenyewe asingekigusa. Huo ulikuwa upungufu katika utunzaji wa amana, maana jina jema nalo ni amana.

Jambo jingine lilimkuta ambalo hakulichagua. Tarehe 14 Mei, 1938, timu ya Uingereza ilicheza na Ujerumani mjini Berlin, mbele ya watazamaji wapatao 110,000, miezi miwili tu baada ya utawala wa Hitler kuimeza Austria. Kabla ya mechi, wachezaji wa Uingereza waliamrishwa wainue mikono kwa saluti ya Wanazi. Amri hiyo ilitoka kwa viongozi wa mpira waliosafiri nao, kwa ushauri wa balozi wa Uingereza mjini humo, Nevile Henderson, kwa hoja kwamba hali ya siasa ni ya hatari na wenyeji wasiudhiwe. Wachezaji walichukizwa, wakatii. Kisha wakacheza, wakashinda kwa mabao 6 kwa 3, na Matthews akawa miongoni mwa waliofunga. Picha ya mikono ile iliyoinuliwa imebaki katika vitabu vya historia, na nyuso zinazoonekana humo ni za wachezaji. Waliotoa amri hawamo. Tunaliandika hili kwa kuwa ni ushahidi wa namna mchezaji alivyoonekana: mwili wa kutumiwa na wakubwa, bila kuulizwa dhamiri yake.

Mwaka huo huo wa 1938, Matthews aliposhindwa kuelewana na mwalimu wa timu, Bob McGrory, aliomba kuondoka Stoke City. Habari zilipoenea, watu zaidi ya 3,000 walikusanyika ukumbini kudai asiachwe aende, na wengine wakabaki nje kwa kukosa nafasi. Kwa wafinyanzi na wachimba makaa wa wilaya ile, mwana wa kinyozi alikuwa fahari yao ya Jumamosi baada ya juma zima la vumbi. Mcheza kwao hutunzwa, nao walimtunza kwa mapenzi. Akabaki.

Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka mwaka 1939, Ligi ilisimamishwa. Matthews alijiunga na jeshi la anga, akawekwa Blackpool, akapata cheo cha koplo. Miaka ya vita ilichukua kipindi chake kati ya umri wa miaka 24 na 30, ambacho kwa winga ndicho kilele cha nguvu. Mechi alizoichezea timu ya taifa wakati wa vita, ambazo zilikuwa 29, hazikuingizwa katika hesabu rasmi. Mwaka 1945 baba yake alifariki dunia, na inasimuliwa kwamba alimwachia mwanawe wasia wa kushinda nishani ya Kombe la Chama cha Mpira.

Tarehe 9 Machi, 1946, Stoke City ilikwenda kucheza na Bolton Wanderers katika uwanja wa Burnden Park, mechi ya Kombe hilo hilo. Watu walikuwa wengi kupita kiasi. Vizuizi vya chuma vilivunjika, umati ukawaangukia waliokuwa mbele, na watu 33 wakafa kwa kukanyagwa na kukosa hewa. Mechi ilisimamishwa, maiti zikalazwa kando ya uwanja, kisha viongozi wakaamua mchezo uendelee hadi mwisho. Matthews alikuwa mmoja wa waliocheza alasiri ile mbele ya maiti za watu waliokuja kuwatazama. Kwa mara nyingine tena mchezaji alitii uamuzi wa wengine.

Sasa tuje kwenye kiini cha maneno yetu, nacho ni ujira. Tangu mwaka 1901 kanuni za mpira wa Uingereza ziliweka kikomo cha malipo ya mchezaji. Kikomo kilikuwa pauni 4 kwa juma. Mwaka 1922 kilikuwa pauni 8, mwaka 1947 pauni 12, na mwaka 1958 pauni 20. Hapana klabu iliyoruhusiwa kulipa zaidi ya hapo, hata kama mchezaji mmoja ndiye aliyeujaza uwanja. Pamoja na kikomo hicho palikuwa na kanuni nyingine iliyokuwa kali zaidi. Mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja, lakini ulipokwisha, klabu ilikuwa na haki ya kumzuia mchezaji. Akikataa masharti yao, hakuweza kuandikishwa na klabu nyingine yoyote ya Ligi mpaka waajiri wa zamani waridhie, na klabu haikulazimika kumlipa alipokuwa amekaa bila mkataba. Kwa maneno mengine, mkataba ulimfunga mchezaji hata baada ya kwisha muda wake. Mwaka 1948 Wilf Mannion wa Middlesbrough, mmoja wa wachezaji bora wa taifa, alikataa kutia saini akitaka kuhama. Alikaa miezi mingi bila mpira na bila mshahara wa klabu. Mwisho njaa ya nyumbani ilimrudisha alikotoka.

Matthews mwenyewe aliuonja utaratibu huo mwaka 1947. Stoke City ilikuwa ikiwania ubingwa wa Daraja la Kwanza kwa mara ya kwanza katika historia yake. Matthews aliumia, na alipopona McGrory alimtaka arudi kupitia timu ya akiba. Alikataa, magomvi yakafufuka, na kabla ya msimu kwisha akauzwa kwa Blackpool kwa pauni 11,500. Umri wake ulikuwa miaka 32, na wengi waliona klabu hiyo imenunua mchezaji anayekaribia kustaafu. Stoke City ilikwenda kwenye mechi yake ya mwisho dhidi ya Sheffield United ikihitaji ushindi tu ili iwe bingwa. Ikafungwa mabao 2 kwa 1, ikamaliza ya nne. Hivyo uongozi ulioshindwa kupatana na mchezaji wake bora kwa jambo dogo uliwanyima ubingwa watu wote wa Hanley. Nazo zile pauni 11,500 zilitoka klabu hii zikaenda klabu ile. Yule aliyekuwa akiuzwa aliendelea kupokea ujira wa juma wenye kikomo.

Huko Blackpool ndiko alikofanya makubwa. Mwaka 1948 waandishi wa habari za mpira walianzisha tuzo ya Mchezaji Bora wa Mwaka, wakampa yeye kwanza. Mwaka huo Blackpool ilifika fainali ya Kombe, ikashindwa na Manchester United mabao 4 kwa 2. Mwaka 1951 ilifika tena, ikashindwa na Newcastle United mabao 2 kwa 0. Wasia wa baba ulikuwa bado haujatimizwa.

Fainali ya tatu ilichezwa uwanja wa Wembley tarehe 2 Mei, 1953, mbele ya watu 100,000 na Malkia Elizabeth, ambaye alitawazwa mwezi uliofuata. Wapinzani walikuwa Bolton Wanderers. Matthews alikuwa na miaka 38. Bolton walifunga katika dakika za mwanzo kabisa, na nusu ya pili ilipofika dakika kumi walikuwa wakiongoza kwa mabao 3 kwa 1. Lakini Eric Bell wao alikuwa ameumia mguu tangu mapema, na zama hizo hapakuwa na ruhusa ya kubadilisha mchezaji. Upande wao wa kushoto ukawa dhaifu, na huo ndio uliokuwa upande wa Matthews. Wenzake walimlisha mpira bila kukoma. Krosi yake ilimfikia Stanley Mortensen, ikawa 3 kwa 2. Dakika ya mwisho Mortensen alipiga mpira wa adhabu, ikawa 3 kwa 3. Katika dakika za nyongeza Matthews alimpita beki, akaurudisha mpira ndani, na Bill Perry, kijana aliyezaliwa Afrika Kusini, akafunga la nne.

Tangu siku ile watu wameiita mechi hiyo fainali ya Matthews, ingawa Mortensen ndiye anayehesabiwa kufunga mabao matatu. Mwenyewe hakuipenda kauli hiyo, na mara zote alisema sifa ni ya timu nzima na ya Mortensen hasa. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Huyu alisifiwa kuliko wote, lakini tembo lake hakulitia maji. Ujira wa halali wa kila mmoja wao msimu ule haukuzidi pauni 15 kwa juma, ilhali kiingilio cha watu 100,000 kilikwenda kwingine.

Katika timu ya taifa nako mambo yalikwenda kwa amri ya wakubwa. Timu ya Uingereza ilichaguliwa na kamati ya viongozi wa klabu, wengi wao wafanyabiashara. Katika Kombe la Dunia la mwaka 1950 huko Brazil, kiongozi aliyepewa madaraka ya uchaguzi, Arthur Drewry, alimwacha Matthews nje katika mechi na Marekani, ijapokuwa mwalimu Walter Winterbottom alimtaka. Marekani ilishinda bao 1 kwa 0, na kushindwa huko kukawa kioja cha dunia. Alipangwa dhidi ya Hispania, Uingereza ikafungwa tena na kutolewa. Matthews hakuchoka. Huko Brazil aliwaona wachezaji wakivaa njumu nyepesi zilizokatwa chini ya kifundo cha mguu, tofauti na zile nzito za Kiingereza. Aliporudi nyumbani alishirikiana na kiwanda cha chama cha ushirika cha nchi yake, wakatengeneza njumu nyepesi zenye jina lake, zikauzwa katika maduka ya ushirika kwa vijana wa kila mahali.

Kwa jumla aliichezea timu ya taifa mechi rasmi 54, kuanzia mwaka 1934 hadi 1957. Akiwa na miaka 40, mwezi Aprili 1955, aliivuruga ngome ya Scotland katika ushindi wa mabao 7 kwa 2. Akiwa na miaka 41, mwezi Mei 1956, alimsumbua Nílton Santos, beki hodari wa Brazil, Uingereza ikashinda mabao 4 kwa 2. Mwaka huo jarida la France Football la Ufaransa lilianzisha tuzo ya Mchezaji Bora wa Ulaya, na wa kwanza kuipata akawa Matthews, akimtangulia Alfredo Di Stéfano wa Real Madrid. Mechi yake ya mwisho ya taifa ilikuwa dhidi ya Denmark mjini Copenhagen, tarehe 15 Mei, 1957. Alikuwa na miaka 42.

Mwezi Januari 1961, baada ya chama cha wachezaji kilichoongozwa na Jimmy Hill kutishia mgomo wa nchi nzima, kikomo cha ujira kiliondolewa. Muda mfupi baadaye Johnny Haynes wa Fulham akawa analipwa pauni 100 kwa juma. Mwaka 1963, katika kesi ya George Eastham, mahakama iliamua kwamba kumzuia mchezaji baada ya mkataba wake kwisha ni kumnyima haki yake ya kufanya kazi. Kwa Matthews ushindi huo ulikuja jua likiwa limekuchwa. Miaka yake mizuri yote ilikwishalipwa kwa bei ya kikomo.

Mwezi Oktoba 1961, akiwa na miaka 46, alirudi kwao Stoke City, ambayo ilikuwa imeshuka hadi Daraja la Pili na kukimbiwa na watazamaji. Mechi ya nyumbani iliyotangulia ilikuwa na watu wasiofika 10,000. Siku ya kurudi kwake walizidi 35,000. Msimu wa 1962 hadi 1963 Stoke City ilitwaa ubingwa wa daraja hilo, na bao lake la pekee la msimu mzima lilikuwa katika mechi na Luton Town iliyohakikisha kupanda. Miaka 48 alikuwa nayo, na waandishi wakampa tena tuzo ya Mchezaji Bora wa Mwaka. Alicheza mechi yake ya mwisho ya Ligi tarehe 6 Februari, 1965 dhidi ya Fulham, akiwa na miaka 50 na siku tano. Alikuwa amecheza karibu mechi 700 za Ligi. Mwaka huo alipewa cheo cha Sir, mchezaji wa kwanza kukipata ilhali bado yumo uwanjani. Mwezi Aprili ilichezwa mechi ya kumuaga, na Ferenc Puskás wa Hungary na Lev Yashin wa Urusi wakambeba mabegani.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Alishika uongozi wa klabu ya Port Vale, jirani ya Stoke, akakusanya vijana na kujaribu kuijenga timu kwa damu changa. Kazi hiyo haikumwendea vema. Mwaka 1968 klabu ilipatikana na hatia ya malipo yaliyokiuka kanuni, ikatozwa faini na kufukuzwa katika Ligi, kisha ikarudishwa kwa kura za klabu nyingine. Matthews aliacha kazi. Kucheza ni elimu moja, na kuongoza ni elimu nyingine, yenye hesabu na taratibu zake; mtu hodari wa ile ya kwanza asipewe ya pili bila ya msaada.

Alipokuwa mwalimu wa watoto, hapo alirudi katika daraja lake. Mwezi Mei 1957, miezi miwili baada ya Ghana kupata uhuru, alialikwa huko akacheza pamoja na timu ya Hearts of Oak ya Accra. Kwa miaka mingi alitumia miezi ya mapumziko kufundisha watoto wa Afrika, na safari hizo zilimfikisha Afrika Kusini, Nigeria, Ghana, Uganda na hata Tanzania yetu. Mwaka 1975, katika kitongoji cha Soweto, aliunda timu ya vijana weusi iliyojulikana kwa jina lake, akawapeleka Brazil. Tukumbuke wakati ule. Utawala wa makaburu uliwatenga watu kwa rangi hata katika viwanja vya michezo, na FIFA ilikuwa imekisimamisha chama cha mpira cha Afrika Kusini, kabla ya kukifukuza mwaka 1976. Nchi huru za Afrika ziliwataka wanamichezo waisusie nchi ile, na zilikuwa na haki. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya mtu aliyekwenda kupokea fedha za makaburu ili azipambe timu zao, na mzee wa miaka 60 aliyekwenda Soweto kuwafundisha watoto waliofungiwa milango, kisha akawatoa nje ya mipaka waione dunia. Huyu wa pili alikuwa akiigawa amana yake kwa wanaostahili.

Siku ya mazishi yake, mwezi Machi 2000, makumi ya maelfu ya watu walisimama kando ya barabara za Stoke-on-Trent. Majivu ya mwili wake yalizikwa chini ya duara la katikati la uwanja mpya wa klabu yake.

Hapana shaka heshima hiyo ilikuwa kubwa. Walakini heshima haiwi badala ya haki. Nishani, cheo na sanamu ni rahisi kuvitoa kuliko ujira wa haki na mkataba unaokwisha unapokwisha. Kwa miaka 60 wakubwa wa mpira wa Uingereza walidai kwamba mchezo ungekufa iwapo mchezaji angelipwa kwa kadiri ya kazi yake. Kikomo kiliondolewa, na mchezo haukufa.

Wenye madaraka ya michezo, na ya kazi nyingine zinazotegemea vipaji vya vijana, wana la kujiuliza hapa. Kijana anapoumia akiichezea timu, matibabu yake yako juu ya nani? Anapotaka kuhama, je, anasikilizwa, au barua yake inafungiwa katika saraka? Mapato ya mlangoni yanahesabiwa mbele ya nani? Nao vijana wenye vipaji wana lao: wanalala saa ngapi, wanakula nini, na wanafanya nini alfajiri ambapo hakuna mwalimu wa kuwatazama? Matthews aliyajibu maswali hayo ya pili kwa miaka 33, peke yake, juu ya mchanga wa Blackpool. Yale ya kwanza hakuwa na uwezo wa kuyajibu, kwa sababu hayakuwa yake. Yalikuwa ya viongozi, na wao walichelewa mno.